Maabara tunayoisubiri imefungiwa stoo

Najua nimepotea. Wiki tatu bila kuandika neno, hadi wengine mmenitumia ujumbe kuuliza kama nimedisko. Sijadisko jamani, bado nipo nipo. Zilikuwa test, zikafuata kazi za makundi, zile ambazo majina yanaandikwa sita na anayekesha ni mmoja. Hilo nitaliandikia siku yake. Leo nimekuja na jingine, na mnivumilie maana litakuwa refu. Chukueni chai kabisa.

Alhamisi iliyopita tulikuwa na semina ya teknolojia katika elimu. Mjadala ulihusu kufundisha kompyuta kwenye shule za kata. Mwenzetu mmoja akasimama, akakohoa kidogo, akasema: "Tusidanganyane. Mwalimu hawezi kujifunza wala kufundisha kompyuta mpaka aletewe maabara." Ukumbi mzima ukapiga makofi. Na mimi nilipiga, mikono ilikwenda yenyewe. Makofi yalipoisha ndipo nikaanza kujisikia vibaya, kwa sababu maabara hiyo najua ilipo. Iko stoo. Nimeiona kwa macho yangu.

Mwaka jana nilipokwenda TP, shule niliyopangiwa (jina naliacha, si lengo langu kumwaibisha mtu) ilikuwa na stoo nyuma ya ofisi ya walimu. Siku moja nimetumwa humo kuchukua boksi la chaki. Nikakuta kitu kimefunikwa shuka la bweni, na juu yake magunia mawili ya maharage. Nikainua pembe ya shuka. Kompyuta za mezani. Nikazihesabu: 11.

Nikamuuliza mwalimu wa taaluma. "Shikamoo mwalimu. Zile za stoo vipi?"

"Marahaba. Zile mbovu. Wafadhili walileta, zikafanya kazi mwaka mmoja, zikafa."

"Nani aliziangalia?"

"Fundi hajaja."

Sasa sikilizeni. Upande wa pili wa ukuta huohuo, wiki hiyohiyo, nilikuwa nafundisha sehemu za kompyuta kidato cha kwanza kwa kuchora ubaoni. Nikachora kioo, nikachora kibodi, nikachora kipanya na mkia wake. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, kipanya kikibonyezwa kinalia?" Darasa likaangua kicheko. Mimi sikucheka. Alikuwa ameuliza swali la haki kabisa. Kama kitu unakijua kwa chaki tu, utajuaje kama kinalia au hakilii?

Nikaenda kwa mkuu wa shule kuomba ruhusa niifungue hata moja. Akanijibu kwa upole tu: "Mwanangu, hizo zipo kwenye daftari la mali za shule. Ikipotea skrubu moja, wakaguzi wakija nitajibu mimi." Nilikuwa nimebakiza wiki mbili. Nikanyamaza. Na ukweli ambao sikumwambia mtu ni huu: hata kama angenipa ufunguo, nisingejua pa kuanzia. Mimi, niliyepata B+ kwenye kozi ya kompyuta hapa chuoni, nilikuwa sijawahi kufungua kompyuta maishani mwangu. Nilijua kuandika kazi tano za RAM kwenye karatasi ya mtihani. RAM yenyewe sikuwahi kuishika.

Hiyo ndiyo hasira yangu. Wote tunaimba kuwa tatizo ni vifaa. Vifaa tunavyo, tena vimefunikwa shuka. Watu wanaothubutu kuvigusa ndio hatuna.

Bumu la siku saba

Niliporudi chuo nikaamua. Bumu lilipoingia, kabla halijayeyuka kwenye chipsi na bando, nikatoa elfu sabini nikapanda daladala kwenda Kariakoo. Elfu sabini ni posho ya siku saba kwa hesabu ya elfu kumi kwa siku, kwa hiyo nilijua fika kuwa wiki nzima itakuwa ya wali maharage. Nikanunua kompyuta ya mezani yenye prosesa ya Core 2 Duo, RAM ya GB 4, chapa imefutika. Muuzaji akaniangalia akasema, "Mdogo wangu, hii unaenda kufanyia nini?" Nikamwambia najifunza. Akaniongezea kebo ya umeme bure. Nadhani alinihurumia.

Baadaye nikapata laptopu ya zamani ya ThinkPad ambayo kioo kimepasuka. Mjomba wangu alikuwa anaitupa. Hizo mbili, pamoja na ruta kuukuu na swichi ya matundu nane niliyonunua kwa mtu anayehama nyumba, ndizo maabara yangu. Ziko chini ya kitanda geto. Usicheke.

Maana mtu akisema "maabara ya nyumbani", wengi wanawaza kabati la vyuma lenye taa za bluu na seva za mamilioni. Ukiangalia video mtandaoni ndicho wanachoonyesha. Hiyo ni biashara ya kukutamanisha. Maabara ya nyumbani ni kompyuta yoyote ambayo ukiiharibu hakuna atakayekufukuza. Basi. Laptopu yako ya kuandikia kazi za chuo si maabara, kwa sababu unaiogopa. Kompyuta za chumba cha kompyuta si maabara yako, kwa sababu zina nywila na mlinzi. Ile mbovu ya elfu sabini ndiyo maabara, maana unaweza kuiua asubuhi na kuifufua jioni.

Usiku wa kwanza

Sasa niwasimulie ilivyokuwa, ili mwenye kuogopa aone kuwa si uchawi.

Niliiwasha, ikalia mara kadhaa, kioo kikabaki cheusi. Nilitaka kulia na mimi. Rumeti akasema, "Si nilikwambia?" Nikaizima, nikachomoa waya ukutani, nikafungua ubavu, nikatoa vile vipande vya RAM, nikasugua meno yake ya dhahabu taratibu kwa ufutio wa penseli, nikapuliza vumbi, nikarudisha mpaka vikalia "tik". Nikawasha. Ikaamka! Wadau, furaha ile sijawahi kuipata kwenye mtihani wowote.

Tatizo la pili: kila nikijaribu kupakua programu, mfumo unakataa. Nikahangaika saa mbili. Kumbe saa ya kompyuta ilikuwa inasoma mwaka 2009. Kompyuta inapodhani iko 2009, vyeti vya usalama vya tovuti za leo inaona bado havijaanza kutumika, kwa hiyo inavikataa. Dawa yake ni kibetri kile cha mviringo kama sarafu kilicho kwenye ubao mama, aina ya CR2032, ambacho bei yake haizidi soda mbili. Saa mbili za kuhangaika zikanifundisha jambo ambalo kwenye notsi zetu halipo kabisa: kwamba usalama wa mtandao unategemea saa.

Kuhusu mfumo wa kuweka, niliweka Debian, ambayo ni Linux ya bure. Ukitaka toleo la 13 lililotoka Agosti 2025, hakikisha prosesa yako ni ya biti 64, maana toleo hilo halina tena kisakinishi cha biti 32. Core 2 Duo ni biti 64, kwa hiyo ilikubali bila kelele. Sikuweka mandhari ya madirisha na picha. Seva haihitaji urembo. Nikaiacha na maandishi matupu, halafu nikawa naiendesha nikiwa kitandani kupitia laptopu nyingine kwa SSH. Rumeti aliponikuta naandika amri kwenye kioo cheusi akadhani nadukua benki.

Kisha nikaipa anwani ya IP isiyobadilika, 192.168.1.10, nikaiunganisha na swichi, swichi ikaungana na ruta. Kebo nilibana mwenyewe kwa koleo la kuazima. Mpangilio wa rangi nimeukariri kama sala: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kebo mbili za kwanza zilikataa. Ya tatu ikakubali.

Halafu ndipo nikaweka kitu chenye maana kwetu sisi walimu. Kiwix. Hii ni programu iliyoanza 2007, inakuwezesha kubeba Wikipedia nzima na kuisoma bila intaneti. Ile ya Kiingereza yenye picha zote inakula zaidi ya GB 100, kwa diski yangu ilikuwa ndoto. Ila ya Kiswahili ni ndogo, ikaingia na nafasi ikabaki. Nikaongeza na Kolibri, ambayo imetengenezwa mahsusi kwa shule zisizo na mtandao, na ina hata menyu za Kiswahili.

Leo hii nyumba yetu ina wapangaji sita, wote wanachuo. Jioni wakiunga simu zao kwenye ile ruta kuukuu na kuandika 192.168.1.10:8080, inafunguka Wikipedia ya Kiswahili bila bando hata la mia tano. Simu italalamika kuwa hakuna intaneti. Mwambie ndiyo, bakia hapohapo. Mtoto wa mwenye nyumba, yuko darasa la sita, anakuja kila siku kusoma habari za sayari. Hajui kuwa sayari zake ziko chini ya kitanda changu.

Supu ya jiwe

Sasa kuna ambaye ataniambia, "Hayo ni mambo ya maskini, wenzetu walioendelea hawafanyi hivyo." Haya, tuwaangalie hao wenzetu.

Mwaka 1996, pale Chuo Kikuu cha Stanford, Larry Page na Sergey Brin walikuwa wanafunzi wanaotafuta pa kuhifadhi kazi yao. Wakakusanya diski kumi za GB 4 kila moja, wakazijengea kasha kwa matofali ya plastiki ya watoto. Kazi hiyo ndiyo ikaja kuwa Google.

Huyo ni mmoja. Wa pili ndiye ninayempenda zaidi. Katika maabara ya taifa ya Oak Ridge, jimbo la Tennessee, Marekani, watafiti wawili, William Hargrove na Forrest Hoffman, walitaka kompyuta kubwa ya kuchora ramani ya maeneo ya kiikolojia ya nchi yao, kilomita ya mraba kwa kilomita ya mraba. Waliomba fedha, wakanyimwa. Kuanzia 1997 wakaanza kuokota kompyuta ambazo ofisi za palepale zilikuwa zinazitupa. Ikifa moja wanaing'oa wanaweka nyingine. Kufikia 2001 walikuwa wameunganisha zaidi ya 130, nyingi zikiwa zile za 486 ambazo hata wakati huo zilikuwa vizee. Na ramani wakaichora. Mtambo wao wakauita kwa jina la ile hadithi ya supu ya jiwe, ya msafiri aliyeingia kijijini na sufuria yenye jiwe tu, akaomba huyu karoti, yule chumvi, mpaka kijiji kizima kikala supu.

Ni Marekani hiyo, kwenye maabara ya serikali. Wao waliponyimwa fedha walikwenda stoo. Sisi tukinyimwa tunapiga makofi kwenye semina.

Na msidhani kwetu hakujawahi kuwa na watu wa namna hiyo. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya bure ya kuandikia na kupiga mahesabu, yote kwa Kiswahili. Zaidi ya miaka 20 iliyopita! Wengine humu ndani tulikuwa bado kuzaliwa au tunatambaa. Kwa hiyo msiniambie hatujui. Tulijua, tukaacha.

Majibu kwa wabishi

Nimeshabishana na watu wa kutosha hosteli, kwa hiyo najua mtakachosema. Tuanze.

*"Umeme utakumaliza."* Hoja ya haki hii, wala sitaikwepa. Niliazima kipimo cha umeme nikapima. Ile ya mezani ikiwa imetulia inakula wati 60. Ukiiacha saa 24 ni uniti 1.44 kwa siku, yaani uniti 43 kwa mwezi. Kwa uniti inayotugharimu karibu shilingi 350 pale nyumbani, hiyo ni elfu kumi na tano. Nyingi! Ile laptopu ya kioo kilichopasuka inakula wati 15, sawa na uniti 11 kwa mwezi, chini ya elfu nne. Kwa hiyo laptopu ndiyo seva ya kila siku, na betri yake ikiwa nzima umeme ukikatika haizimiki. Ile ya mezani naiwasha nikitaka kujifunza tu, halafu nazima. Hesabu ya darasa la saba imenisaidia kuliko kelele zote za hosteli. Ila betri ya laptopu ikivimba itoe mara moja, usiibembeleze.

*"Hizo ni taka za Wazungu, wanatutupia."* Hapa nakubaliana nawe zaidi ya unavyodhani. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme, na zilizokusanywa na kurejelewa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Mkataba wa Basel wa 1989 uliwekwa ili kuzuia watu kuvusha taka za hatari mipaka kiholela. Nchi yetu nayo ina kanuni zake za 2021 za taka hizi. Mimi sisemi tufungue mlango kwa kila kontena la makopo. Nasema zile ambazo tayari ziko ndani, ambazo tumezipokea kwa picha na hotuba, tuzitumie mpaka tone la mwisho. Kompyuta ikiishi miaka mitano zaidi, ni miaka mitano haijafika dampo. Ikifa kabisa, chomoa RAM, chomoa diski, chomoa feni, vipeleke kwa nyingine. Mabaki mpe mtu wa kurejeleza, usichome moto nyuma ya bweni.

*"Ni za zamani, hazipokei Windows mpya."* Ndiyo, na hiyo ndiyo neema yenyewe. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inataka prosesa za kizazi cha nane kwenda mbele. Maana yake ofisi nyingi zina kompyuta nzima kabisa, za kizazi cha nne, cha sita, ambazo mhasibu ameshaziandikia "hazifai". Hizo ukilinganisha na Core 2 Duo yangu ni ndege! Linux inazikubali bila kuuliza umri. Ndugu yangu, muda wa kuziomba ni sasa, kabla hazijapelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kwa kilo.

*"Siku hizi kila kitu kiko kwenye simu."* Kweli simu tunazo. Lakini simu imetengenezwa ili usiifungue. Simu inakufundisha kutumia. Seva ya chini ya kitanda inakufundisha kwa nini kitu kinafanya kazi, na siku kisipofanya, wapi pa kushika. Wewe unakwenda kusimama mbele ya wanafunzi 80. Unataka uwe mtumiaji mwenzao?

*"Hiyo si kazi ya mwalimu, ni kazi ya fundi."* Hii ndiyo inayonikera kupita zote. Mwalimu wa kemia anajua kuchanganya tindikali. Wa kilimo anashika jembe. Wa kompyuta peke yake ndiye anayesubiri fundi ambaye "hajaja". Kule shuleni fundi hakuja miaka mingapi? Shule ina mwalimu kila siku. Fundi anapita.

Na mimi nimeharibu pia

Nisijifanye mjuaji. Mwezi wa pili wa maabara yangu nilitaka kuandika kisakinishi kwenye flashi. Kuna amri inaitwa dd ambayo inaandika popote unapoielekeza, haikuulizi "una uhakika?". Nilitakiwa kuandika sdb. Nikaandika sda. Herufi moja. Kwenye sda kulikuwa na maandalio yote ya masomo ya rumeti wangu aliyoyatayarisha kwa ajili ya TP, pamoja na azimio la kazi la muhula mzima. Nilikuwa nimemwambia mwenyewe, kwa mbwembwe, "Weka kwenye seva yangu, ni salama kuliko flashi yako."

Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akaniangalia, akasema "Sawa." Afadhali angenigombeza. Tulikaa siku tatu tukiandika upya, yeye akisoma kutoka daftari, mimi nikichapa. Tangu siku hiyo kila kitu cha muhimu kina nakala tatu, kwenye vifaa viwili tofauti, na nakala moja iko nje ya nyumba yetu, kwa dada yangu Mbagala. Hakuna mhadhara uliowahi kunifundisha hivyo. Lakini nawaambieni pia: kwenye maabara jifunze kwa kuharibu vya kwako. Vya mwenzio usiviguse mpaka umejua kuvirudisha.

Na jingine. Ile diski niliyonunua Kariakoo ilikuja na mafaili ya mwenyewe wa kwanza. Orodha ya mishahara ya ofisi fulani, majina na namba za akaunti, yote wazi. Nilifuta bila kusoma zaidi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hata bila sheria kuna ubinadamu. Ukipewa kompyuta ya ofisi, futa diski nzima kabla ya kitu kingine. Ukiigawa ya kwako, fanya hivyohivyo.

Halafu usalama wa mwili wako: chomoa waya ukutani kabla hujafungua. Lile boksi la umeme la ndani usilifungue kamwe, linashika chaji hata likiwa limezimwa. Na maabara yako usiiweke wazi kwenye intaneti ili "marafiki waione". Ibaki ndani ya nyumba mpaka ujue unachofanya.

Kwa hiyo?

Simlaumu yule mkuu wa shule kama mtu. Daftari la mali linamtisha, na anayo haki ya kutishika. Lakini hebu fikirini: daftari lile linazilinda zile kompyuta zisiguswe na mwalimu, halizilindi zisiguswe na panya. Likifunguliwa kesho, zote 11 zitahesabika zipo. Kwenye karatasi shule ina maabara. Darasani kuna picha ya kipanya kwa chaki.

Nami nilinyamaza nilipotakiwa kusema: "Mkuu, naomba kwa maandishi, nitatia sahihi, zitafunguliwa mbele ya mwalimu wa taaluma, hakuna skrubu itakayotoka nje ya chumba hiki." Hilo linawezekana. Halivunji sheria yoyote. Kati ya 11 naamini tatu au nne zingeamka kwa ufutio na kibetri tu, na nyingine zingetoa vipuri. Nne zinatosha kumwonyesha yule binti kuwa kipanya hakilii. Wiki iliyopita nimemwandikia mkuu barua ya hivyo, ya mkono, kurasa mbili, nikijitolea kwenda wakati wa likizo kwa nauli yangu. Hajajibu bado. Nitawaambia.

Wakati nasubiri, huu hapa mwaliko. Jumamosi hii saa nne asubuhi, geto kwangu, nafasi tano tu maana chumba chenyewe mnakijua. Kiingilio ni kompyuta mbovu. Ya baba, ya ofisi ya shangazi, ya kanisani, ya msikitini, yoyote ambayo watu wameshaisomea dua. Bisibisi ninayo, ufutio ninao, chai itakuwepo. Tutafungua, tutaharibu, tutarudisha. Na yule mwenzetu aliyesema kwenye semina kuwa mwalimu hawezi mpaka aletewe maabara, yeye namwekea kiti cha mbele. Simkejeli, kaka. Nilikupigia makofi, kwa hiyo nakudai na unanidai.

Mnaobisha, bisheni hapo chini, ila bisheni kwa hoja. Nawasilisha.